Mikoko ya Miritini na ukuaji wa samaki: kutoka yai hadi mwambani

Wadi ya Miritini, katika Kaunti Ndogo ya Jomvu, imekaa kati ya mikono miwili ya bahari. Upande mmoja kuna Mwache na Port Reitz, na upande wa pili kuna mkono wa Tudor unaopanda hadi Jomvu. Kingo za mikono yote miwili zimeota mikoko. Maji yanapojaa huingia hadi ndani ya mizizi, na pamoja nayo huingia samaki wadogo, wengi wao hawafiki urefu wa kidole. Maji yanapotoka, samaki hao hurudi kwenye vijito na kungoja maji mengine.

Ni rahisi kudhani kwamba hawa ni samaki wa aina ndogo, wasiokua zaidi ya hapo. Wapo wa aina hiyo, kama wale wanaorukaruka juu ya tope maji yakikupwa, ambao huzaliwa na kufa papo hapo kokoni. Lakini wengi ni watoto wa samaki wale wale wanaouzwa sokoni wakiwa wakubwa: tafi, changu, tembo, mkizi, chaa, mwatiko na mzia. Wamo humo kwa muda tu. Makala haya yanaeleza jinsi samaki anavyokua katika kila hatua ya maisha yake, kwa nini kasi ya kukua haiwi sawa, na kwa nini yanayotendeka mikokoni Miritini huonekana kwenye sufuria ya mkazi wa Likoni au Kisauni.

Hatua ya kwanza: yai na lava

Samaki wengi wa pwani hawatagi mikokoni. Hutaga nje, karibu na miamba au kwenye maji ya kina, na mayai huelea na kuchukuliwa na mkondo. Yai la kawaida lina upana wa takriban milimita moja. Katika maji yetu ya joto, mayai ya aina nyingi huanguliwa baada ya siku moja hivi, na anayetoka ni lava, kiumbe mwembamba kama uzi, ambaye kwa siku chache za mwanzo huishi kwa akiba ya kiini cha yai.

Akiba hiyo ikiisha, lazima apate chakula mara moja. Hula viumbe vidogo sana vinavyoelea majini. Hiki ndicho kipindi cha vifo vingi kuliko vyote, kwani mayai huwa maelfu au hata mamilioni, na wanaovuka ni wachache mno. Lakini anayevuka hukua kwa kasi ambayo hataifikia tena maishani. Lava wa milimita 3 akifika milimita 12 amerefuka mara nne. Kwa kuwa mwili wa samaki hukua kwa urefu, kwa upana na kwa kina kwa pamoja, uzito wake huwa umeongezeka mara 64 au zaidi. Hakuna samaki mzima anayeweza kufanya hivyo katika wiki chache.

Kwa mwatiko, safari ya kuingia mikokoni huanza mapema. Huzaliwa baharini, na akiwa na umri wa wiki mbili au tatu, na urefu wa sentimita moja na kidogo, huanza kuonekana ufuoni na kwenye vijito vya mikoko. Ndiyo maana wafugaji wa samaki wa pwani huwatafuta vifaranga wa mwatiko kwenye vijito hivyo ili kuwapandikiza katika mabwawa yao.

Hatua ya pili: samaki mchanga kokoni

Akifika mikokoni, samaki hubadilika. Huota magamba, hupata rangi na umbo la wazazi wake, na huanza kuogelea anakotaka badala ya kubebwa na maji. Chakula chake pia hubadilika. Anayekula nyama huacha viumbe vidogo vinavyoelea na kuanza kuokota vijikamba, minyoo na vikaa vidogo. Mkizi huanza kula tope laini lenye mimea midogo na mabaki yaliyooza. Tafi hutafuna mwani na nyasi za baharini.

Koko humpa samaki mchanga vitu vitatu. Kwanza ni maficho. Mizizi ya mkoko, iliyosimama kama miguu ya buibui, na vidole vya mchu na mlilana vinavyochomoza kwenye tope, humzuia samaki mkubwa asiingie kwa kasi. Pili ni maji yenye vumbi la tope, ambayo huficha samaki mdogo machoni pa adui. Tatu ni chakula. Majani ya mikoko huanguka mwaka mzima, huoza na kuliwa na kaa na viumbe vidogo, na hao huliwa na samaki.

Kuna jambo moja ambalo huwashangaza wengi. Koko si lazima liwe mahali ambapo samaki hukua haraka kuliko pengine pote. Katika utafiti uliofanywa kisiwani Curaçao, katika bahari ya Karibiani, kuhusu aina moja ya samaki wa mwambani, ilionekana kwamba samaki wachanga wangeweza kukua haraka zaidi kwenye mwamba kuliko kwenye mikoko na nyasi za baharini. Lakini mwambani hatari ya kuliwa ilikuwa kubwa zaidi. Kwa maneno mengine, samaki mdogo hukubali kukua polepole kidogo ili abaki hai. Koko ni nyumba ya kulelea kabla ya kuwa jiko. Anapofika ukubwa ambao adui wengi hawawezi tena kummeza, hesabu hugeuka, na hapo kutoka nje kuna faida.

Joto la maji nalo huchangia. Samaki hana joto lake mwenyewe mwilini, hivyo maji ya vijito yenye joto huharakisha umeng'enyaji wa chakula na ukuaji, mradi hewa ya oksijeni iwepo ya kutosha. Oksijeni ikipungua kwa sababu ya maji taka au uchafu unaooza, samaki hutumia nguvu zake kupumua badala ya kukua. Hudumaa, huhama au hufa.

Hatua ya tatu: kijana anayehama

Samaki kijana haondoki kokoni siku moja. Huanza kwa kwenda na kurudi. Maji yakijaa huingia kwenye mizizi, yakikupwa hukaa kwenye kijito kikuu. Baadaye husogea kwenye nyasi za baharini karibu na mdomo wa mkono wa bahari, na mwishowe hufika mwambani. Katika hatua hii urefu huongezeka kwa kasi ya wastani, lakini uzito ndio unaopanda sana.

Hesabu yake ni rahisi. Samaki akirefuka mara mbili bila kubadilisha umbo, uzito wake huongezeka takriban mara nane. Akirefuka mara tatu, huongezeka takriban mara 27. Chaa wa sentimita 8 na chaa wa sentimita 24 si mmoja na watatu kwenye mizani. Ni mmoja na 27.

Hatua ya nne: samaki mzima

Samaki akikomaa, chakula hugawanywa kazi mbili. Sehemu huenda kwenye mwili na sehemu kubwa huenda kwenye mayai au mbegu. Ndiyo maana kurefuka hupungua. Tafi huwahi: hukua upesi na kuanza kuzaa akiwa na umri wa karibu mwaka mmoja. Mwatiko huchukua takriban miaka 5 kabla ya kuzaa. Tembo mwenye doa jeusi ubavuni anaweza kuishi zaidi ya miaka 10. Kwa hiyo samaki wawili wa urefu mmoja, wa aina tofauti, wanaweza kuwa mmoja ni mzazi na mwingine bado mtoto.

Kukua polepole hakumaanishi kwamba samaki mzima hana faida akiachwa. Jike mkubwa hubeba mayai mengi mno kuliko jike mdogo. Katika aina nyingi zilizochunguzwa, jike mmoja mkubwa hutaga kuliko majike wadogo kadhaa ambao wakiwekwa pamoja wana uzito sawa na wake.

Kamba na kaa koko hufuata njia inayofanana na hiyo. Watoto wa kamba huingia mikokoni, hukua kwa miezi michache na kurudi baharini kuzaa. Maisha yao yote ni ya karibu mwaka mmoja au zaidi kidogo. Jike wa kaa koko aliyebeba mayai hutoka kokoni na kwenda baharini kuyaangua, kisha watoto hurudi.

Wataalamu wamejuaje?

Ndani ya kichwa cha samaki, karibu na ubongo, kuna vijiwe vidogo vya sikio. Vijiwe hivi huongezeka kadiri samaki anavyokua. Kwa samaki wachanga, pete nyembamba hujengwa kila siku, na kwa wakubwa pete pana huonyesha misimu na miaka. Mtaalamu akikata kijiwe na kukitazama kwa darubini, huweza kuhesabu umri wa samaki na kuona ni wakati gani alikua haraka na ni wakati gani alikwama.

Kijiwe hicho pia huhifadhi alama ya maji ambamo samaki aliishi. Kaboni inayopatikana kwenye maji ya mikoko ina sifa tofauti na ile ya mwambani. Sehemu ya katikati ya kijiwe, iliyojengwa utotoni, inaweza basi kulinganishwa na sehemu ya nje iliyojengwa ukubwani.

Njia hiyo ilitumiwa katika utafiti uliofanywa Tanzania na kuchapishwa mwaka wa 2013. Tembo wenye doa jeusi walivuliwa kwenye miamba ya nje, na asilimia 99 kati yao walionekana kuwa walipitia mikokoni utotoni. Kwa aina moja ya changu, asilimia 29 walilelewa mikokoni, asilimia 53 kwenye nyasi za baharini na asilimia 18 mwambani. Aina nyingine ya changu ilikuwa tofauti: wengi wao walikulia mwambani tangu mwanzo. Funzo lake ni kwamba si kila samaki hutegemea koko kwa kiasi kilekile, lakini kwa baadhi ya aina, bila koko hakuna samaki mwambani.

Mombasa yenyewe haikuachwa nyuma katika tafiti hizi. Utafiti kuhusu samaki wa mkono wa Tudor, uliochapishwa mwaka wa 1988, uliorodhesha zaidi ya aina 80 za samaki. Huko Gazi, Kaunti ya Kwale, watafiti walilinganisha mikoko ya asili na mikoko iliyopandwa, na samaki wachanga walipatikana katika yote.

Kwa nini jambo hili linawahusu wakazi

Mpango wa kitaifa wa usimamizi wa mikoko wa 2017 hadi 2027 unakadiria kwamba Kenya ina takriban hekta 61,000 za mikoko. Kaunti ya Mombasa ina karibu hekta 3,770 tu. Eneo hili dogo limezungukwa na bandari, viwanda, barabara, reli na makazi ya watu wengi. Mikoko ya Mwache iliharibika baada ya mvua za El Niño za 1997 na 1998, pale mito ilipobeba udongo mwingi kutoka bara na kufunika mizizi inayopumua. Mwaka wa 2005, mafuta yaliyomwagika bandarini yalifika kwenye mikoko ya Port Reitz. Ongeza ukataji wa kuni na nguzo za kujengea, taka ngumu na maji machafu, na nafasi ya kulelea samaki inazidi kubana.

Hatari nyingine ni nyavu. Kwa kuwa samaki wachanga wote hutoka kwenye mizizi maji yakikupwa, wavu wenye matundu madogo au chandarua cha mbu kikitandazwa kwenye mdomo wa kijito huwakusanya karibu wote kwa mkupuo mmoja. Si hao wa kuliwa siku hiyo tu wanaochukuliwa, bali na watoto wa aina nyingi ambazo zingesambaa hadi Nyali na Likoni.

Mfano huu wa hesabu unaonyesha hasara ilipo. Chukua samaki wachanga 100 wenye uzito wa gramu 10 kila mmoja. Wakivuliwa leo, ni kilo moja ya samaki wenye miiba mingi na nyama kidogo. Wakiachwa, wengi wataliwa na samaki wengine au kufa. Tuseme 90 wanapotea na 10 tu ndio wanaofika gramu 300. Hao 10 ni kilo 3, tena ni samaki wa kupimwa na kuuzwa kwa bei ya samaki, na kabla ya kuvuliwa baadhi yao watakuwa wameshazaa. Mvuvi, mchuuzi na mama karanga wote hupoteza wakati samaki anapovuliwa kabla ya wakati wake.

Ni kweli kwamba mtu huweka chandarua kijitoni kwa sababu ya njaa ya siku hiyo, hasa wakati wa kusi ambapo bahari huchafuka na vyombo vidogo haviwezi kutoka nje. Lakini samaki wanaotegemewa kaskazi ikirudi ni wale wale waliomo kijitoni. Kukausha kijito wakati wa kusi ni kula mbegu iliyowekwa kwa ajili ya msimu ujao.

Sheria inasemaje

Mikoko yote ya Kenya ilitangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka wa 1932. Chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016, kukata mikoko bila kibali cha Shirika la Huduma za Misitu (KFS) ni kosa, hata kama mti uko nyuma ya nyumba ya mtu.

Uvuvi unaongozwa na Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya 2016 pamoja na kanuni zake. Juya la kukokota ufuoni lilipigwa marufuku mwaka wa 2001. Vyandarua vya mbu na nyavu zenye matundu madogo kupita kiasi haviruhusiwi. Kila eneo la kuteremshia samaki husimamiwa na kikundi cha usimamizi wa ufuo, BMU, ambacho wanachama wake ni wavuvi na wafanyabiashara wa samaki wenyewe. BMU inaweza kuweka sheria ndogo za eneo lake, kama vile kufunga kijito fulani kwa muda ili samaki wachanga wakue.

Mambo ambayo mkazi anaweza kufanya

Mvuvi anashauriwa kutumia mshipi, malema yenye matundu makubwa au jarife la ukubwa unaokubalika, na kuacha wazi midomo ya vijito maji yanapotoka. Samaki mchanga aliyenaswa akiwa hai arudishwe majini papo hapo.

Mnunuzi ana nguvu pia. Samaki wa urefu wa kidole wasiponunuliwa, hakutakuwa na sababu ya kuwavua. Anayenunua tafi au tembo achague aliyekomaa. Ishara moja rahisi ni kumtazama anapopasuliwa: ukikuta mayai au mbegu, alikuwa amefikia umri wa kuzaa. Ikiwa samaki wa ukubwa fulani kila siku huwa hawana kitu tumboni, huenda bado ni watoto.

Vikundi vinavyotaka kupanda mikoko vinafaa kuzungumza kwanza na KFS au wataalamu wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya (KMFRI), yenye makao yake makuu Mkomani, Mombasa. Kila aina ina mahali pake. Mlilana huvumilia ukingo wa nje unaofikiwa na maji kila siku, mkoko hukaa katikati, na mkandaa hupenda sehemu ya juu iliyo kavu zaidi. Miche ya mkoko ikipandwa kwenye tope la mlilana, mara nyingi hufa, na jasho la kikundi hupotea bure. Muhimu zaidi ni njia ya maji. Koko lililozibwa kwa taka au kifusi haliwezi kulea samaki hata likiwa na miti, kwa sababu samaki huingia na maji.

Kwa familia zinazoishi kandokando ya Mwache na Jomvu, taka za nyumbani zisitupwe kwenye vijito. Mfuko wa plastiki unaofunika vidole vya mchu huziba pumzi ya mti, na mafuta machafu ya gari yakimwagwa mtaroni hufika kokoni mvua inaponyesha.

Anayeona mikoko ikikatwa, kifusi kikimwagwa au kijito kikitegwa kwa chandarua anaweza kutoa taarifa kwa afisa wa uvuvi wa kaunti, kwa BMU iliyo karibu, kwa KFS au kwa chifu wa eneo lake. Taarifa iwe na mahali, siku na saa, kwa sababu maji yakijaa tena ushahidi mwingi hufunikwa.

Samaki anayehifadhiwa Miritini hatarudi Miritini lazima. Huenda akavuliwa na mvuvi wa Timbwani au kukaangwa Kongowea. Vivyo hivyo, yai lililotagwa kwenye mwamba wa Nyali huenda likaletwa na mkondo hadi chini ya mkoko wa Mwache. Ndiyo maana kulinda koko si kazi ya wadi moja. Ni akiba ya kaunti nzima, na inajengwa au kubomolewa kila maji yanapotoka.